Jinsi ya kuchora ramani ya mtawanyiko wa pudu bila kuchanganya spishi tatu

Mpwa wangu alinipigia simu saa nne usiku. Anasomea wanyamapori huko Morogoro, mwaka wa pili.

"Shikamoo mjomba. Samahani kwa usiku huu. Pudu wangu wameingia baharini."

Mwalimu wao alimgawia kila mwanafunzi mnyama mmoja wa nje ya Afrika. Kazi yenyewe: eleza uainishaji wake, kisha chora ramani ya mahali anapopatikana. Wenzake walipata chui wa theluji na kangaruu. Yeye akapewa pudu wa Amerika Kusini, akadhani amependelewa: mnyama mdogo, nchi chache, kazi ya jioni moja. Tuliimaliza usiku wa tatu. Mimi naishi kwa kuchora ramani, zaidi za viwanja na mabomba ya maji, na bado nilikwama mahali ambapo sikutegemea. Sikukwama kwenye kuchora. Nilikwama kwenye majina. Ndiyo maana hatua ya 2 na ya 5 hapa chini ni ndefu kuliko zote, na nyingine nimezipitia juu juu.

Nachukulia kwamba QGIS, programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, unayo. Kama huna, ipakue, ni bure, na laptopu yenye RAM ya GB 4 inaibeba kazi hii vizuri.

Hatua ya 1: Mjue mnyama wako

Kiswahili chetu kinakutega mapema hapa. Wengi wakitaka kumtaja mnyama wa jamii hii husema "kulungu" au "paa". Kulungu wa kwetu ni wa familia ya Bovidae, pamoja na ng'ombe na mbuzi, na pembe zake anakufa nazo. Pudu ni wa familia ya Cervidae, ambao madume wao hudondosha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Afrika kusini ya Sahara haina hata mmoja wa asili wa familia hiyo. Bara zima linaye mmoja tu, kule Algeria na Tunisia. Neno linalomkaribia ni ayala, ambalo wengi wetu tumelisikia kanisani tu. Nilimwambia mpwa wangu aandike "ayala mdogo wa Amerika Kusini" mara moja kwenye utangulizi, baada ya hapo aandike pudu hadi mwisho.

Kwa umbo mfikirie digidigi. Pudu wa kaskazini ana sentimita 32 hadi 35 begani na uzito wa kilo 3 hadi 6. Wa kusini ni mkubwa kidogo, sentimita 35 hadi 45, na anaweza kufika kilo 13. Pembe za dume ni vijiti viwili visivyo na matawi, vya sentimita saba hivi. Jina lenyewe, pudu, ni la Wamapuche wa Chile, kutoka lugha yao ya Mapudungun.

Hatua ya 2: Panga majina kabla ya kugusa ramani

Usifungue QGIS bado. Chukua daftari, daftari la karatasi, uchore jedwali la mistari mitatu. Mpwa wangu aliruka hatua hii, na kila kilichoharibika baadaye kilitokana na hilo.

Mwaka 1782 Juan Ignacio Molina, padri Mjesuiti kutoka Chile aliyekuwa akiishi Italia, alimwandika pudu wa kusini kwa jina la *Capra puda*. Capra ni mbuzi. Usimcheke: kule Peru pudu wao huitwa sachacabra, yaani mbuzi wa msituni. Kila aliyemwona aliona mbuzi. Mwaka 1852 John Edward Gray akatunga jenasi ya *Pudu*, na mnyama wa Molina akahamia humo. Ndiyo maana leo jina kamili huandikwa *Pudu puda* (Molina, 1782), na mwandishi wake yuko ndani ya mabano. Mabano hayo si pambo. Yanakuambia kwamba aliyetoa jina la spishi alimweka mnyama kwenye jenasi nyingine. Ukiyaondoa umesema jambo lisilo kweli, na mwalimu makini atakukata alama.

Mwaka 1896 Mwingereza William Edward de Winton alimwelezea pudu wa pili, kutoka páramo ya Papallacta huko Ekwado. Páramo ni nyika ya nyasi na vichaka iliyo juu ya mstari wa msitu. Mtu aliyepanda Kilimanjaro na kupita ukanda wa vichaka ataielewa haraka. De Winton alimwita *Pudua mephistophiles*, jina la shetani wa hekaya za Kijerumani. Hapa kuna mtego wa herufi: shetani wa hekaya huandikwa na e, Mephistopheles, lakini jina la mnyama lina i, *mephistophiles*. Ukitafuta kwa tahajia ya shetani unaweza kupata sifuri ukadhani mnyama hana kumbukumbu.

Mwaka 1913 Oldfield Thomas akaona mnyama huyu wa kaskazini anatofautiana vya kutosha na wa kusini, akamtungia jina la *Pudella*. Mwaka 1945 pudu wa Kolombia naye akapewa jina lake, *wetmorei*, ambalo baadaye lilihesabiwa kuwa la nususpishi. Kisha mwaka 1982 Philip Hershkovitz alichapisha uchunguzi mrefu wa pudu, akawaweka wote kwenye *Pudu*, spishi mbili tu, kaskazini na kusini. Hesabu hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye vitabu vingi, kwenye mabango ya bustani za wanyama, na kwenye kurasa nyingi za intaneti ambazo mpwa wangu alikuwa amezinakili.

Mwaka 2024 hesabu ikabadilika. Javier Barrio, Eliécer Gutiérrez na Guillermo D'Elía walichapisha kwenye Journal of Mammalogy makala yenye mambo mawili. La kwanza, vinasaba na mafuvu vinaonesha kwamba pudu wa kaskazini na wa kusini si ndugu wa karibu kiasi cha kukaa jenasi moja, kwa hiyo *Pudella* ya 1913 ikafufuliwa. La pili, yule "wa kaskazini" mwenyewe ni wanyama wawili. Wale wa Peru, kusini ya bonde linaloitwa Huancabamba, wamepewa jina jipya: *Pudella carlae*. Ni spishi ya kwanza ya familia hii iliyo hai kuelezwa katika karne ya 21.

Jedwali lako sasa lisomeke hivi:

*Pudu puda* (Molina, 1782): Chile na Argentina.

*Pudella mephistophiles* (de Winton, 1896): Kolombia, Ekwado, na ncha ya kaskazini kabisa ya Peru.

*Pudella carlae* Barrio, Gutiérrez na D'Elía, 2024: Peru, kusini ya bonde la Huancabamba. Hapa hakuna mabano, kwa sababu alizaliwa ndani ya *Pudella* na hajahama.

Chini ya kila mstari andika majina ya zamani utakayokutana nayo: *Pudua*, *Pudu mephistophiles*, *wetmorei*, na kosa sugu la *Pudu pudu* ambalo limejaa kwenye maandishi ya Chile. Andika pia hali ya kila mmoja kwa jina ambalo hali hiyo ilitolewa. Kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, *Pudu puda* yuko Kiambatisho cha I na *Pudu mephistophiles* cha II. Usiandike kwamba *carlae* "yuko Kiambatisho cha II" ukaishia hapo. Andika kwamba aliorodheshwa akiwa bado anahesabiwa ndani ya *mephistophiles*. Ni maneno machache zaidi, lakini ndiyo ukweli.

Kuna watakaosema orodha nyingi rasmi bado zinatumia majina ya zamani, kwa hiyo bora ubaki nayo. Mimi sikubaliani nao. Tumia jina jipya kwenye ramani, la zamani liweke kwenye maelezo, na useme ni nani umemfuata.

Hatua ya 3: Pakua kumbukumbu

Nenda GBIF, ile kanzidata ya kimataifa yenye ofisi zake Copenhagen, inayokusanya kumbukumbu za makumbusho, watafiti na raia wa kawaida wenye simu. Fungua akaunti, ni bure. Tafuta kila jina la jedwali lako, chagua kumbukumbu zenye viwianishi (namba za latitudo na longitudo) pekee, omba faili jepesi. Watakutumia kiungo kwa barua pepe. Pamoja nacho kuna DOI, namba ya kudumu ya kurejelea data hiyo: inakili kwenye daftari muda huohuo, kwa sababu siku ya kukabidhi kazi hutaikumbuka.

Usichukue picha ya ramani ya mtu mwingine ukachora nukta juu yake. Najua inafanyika.

Hatua ya 4: Fungua na safisha

Usifungue faili kwa Excel. Narudia kwa ajili ya mpwa wangu na wengine kama yeye: usilifungue kwa Excel. Faili la GBIF lina jina linaloishia na csv lakini ndani limetenganishwa kwa tabo, si kwa mkato. Ukilibofya mara mbili, Excel inalifungua kwa kubahatisha, mkoa wa Ñuble unageuka vurugu ya alama, na ukibonyeza kuhifadhi umeharibu faili la asili. Liingize moja kwa moja QGIS kama tabaka la maandishi yaliyotenganishwa, chagua tabo, chagua UTF-8. X ni decimalLongitude na Y ni decimalLatitude. Watu huzigeuza kwa sababu mdomoni tunatanguliza latitudo.

Sasa tazama nukta zilikoangukia, maana kila kosa lina mahali pake pa kuangukia. Pudu wa Chile anakaa karibu na latitudo −40 na longitudo −72. Ukigeuza X na Y atatokea kwenye Bahari ya Weddell, Antaktika. Ukipoteza alama ya kutoa kwenye longitudo, yuko Bahari ya Hindi upande wa kusini kabisa, huko kwenye njia ya visiwa vya Kerguelen. Ukiipoteza kwenye latitudo, yuko Atlantiki nje ya New York. Hao ndio pudu wa mpwa wangu walioingia baharini, na hao hawanitishi. Anayeogelea anaonekana.

Anayenitisha ni wa Ekwado. Papallacta iko karibu sana na ikweta, takriban 0.37 kusini na 78.14 magharibi. Mtu akiandika 0.37 bila alama ya kutoa, nukta haiendi baharini. Inasogea kilomita zipatazo 80 kuelekea kaskazini na kutua karibu na mji wa Ibarra, bado Ekwado, bado kwenye milima ya Andes, bado mahali ambapo pudu angeweza kuwepo. Hakuna programu itakayokupigia kengele. Dawa yake ni moja, nayo inachosha: kwa kila nukta ya Ekwado na kusini ya Kolombia, soma safu ya jina la mahali na ulinganishe na mahali nukta ilipo. Kwa bahati kumbukumbu za huko hazitoshi kukumalizia usiku mzima.

Ondoa pia pudu walioko Ulaya na Marekani. Hao ni wa bustani za wanyama.

Halafu kuna ukungu wa makusudi. Kumbukumbu nyingi za raia huja kupitia iNaturalist, mtandao ambako watu hupandisha picha za viumbe walioviona, na kwa wanyama walio hatarini mtandao huo huficha mahali halisi: nukta husogezwa ovyo ndani ya kisanduku cha digrii 0.2 kwa 0.2. Kwenye ikweta hiyo ni kama kilomita 22 kila upande. Chile ni nchi nyembamba, na kisiwa cha Chiloé kimezungukwa na maji, kwa hiyo usishangae pudu akitua kwenye mfereji wa bahari au ng'ambo ya mpaka upande wa Argentina. Usimfute na usimrudishe nchi kavu kwa mkono. Angalia safu ya coordinateUncertaintyInMeters; ikisoma makumi ya kilomita, nukta hiyo chora kwa duara tupu badala ya duara lililojaa.

Hatua ya 5: Tenganisha mephistophiles na carlae

Hii ndiyo iliyokula usiku wa pili wote.

Tatizo ni kwamba vibandiko vya makumbusho haviamki asubuhi na kujisahihisha. Pudu aliyekusanywa Peru miaka ya nyuma akaandikwa *mephistophiles* ataendelea kuandikwa hivyo mpaka mtu aende kabatini ambadilishe. GBIF nayo inapokea jina lililoandikwa na mwenye kielelezo, inalipitisha kwenye orodha yake ya majina, kisha inakuonesha matokeo. Ndiyo maana kwenye faili lako kuna safu zaidi ya moja za jina. verbatimScientificName ndiyo aliyoandika mwenye kielelezo. scientificName ndiyo tafsiri ya GBIF. Hakuna kati ya hizo mbili inayojua kama mnyama yule alikuwa kusini au kaskazini ya bonde. Hilo ni la kwako.

Jaribio la kwanza la mpwa wangu: chuja kwa nchi. Peru yote ikawa *carlae*, kwingine kote *mephistophiles*. Inapendeza, inachukua sekunde kumi, na ni kosa. Sehemu ya Peru inayopakana na Ekwado, milima ya Piura ya juu na kaskazini ya mkoa wa Cajamarca, iko kaskazini ya bonde. Hifadhi ya Tabaconas-Namballe iko huko. Pudu wa pale ni wa upande wa Ekwado, hata kama anakula majani ya Peru.

Jaribio la pili lilikuwa langu, nalo silisemi kwa fahari. Nilichora mstari ulionyooka kwenye latitudo ya 6 kusini, juu yake hawa, chini yake wale. Niliutazama kwa robo saa nikiwa nimeridhika, hadi nilipowasha tabaka la mito. Bonde la Huancabamba halijanyooka, limekaa mshazari. Kwenye upande wa magharibi mpaka uko karibu na latitudo ya 6, lakini ukienda mashariki mto Marañón unapinda kuelekea kaskazini, na milima mirefu kusini mwa mto huo inapanda hadi juu ya mstari wangu. Mstari ulionyooka unamweka mnyama wa kusini kaskazini, na hakuna anayegutuka.

Njia iliyofanya kazi ni kuuliza mlima wenyewe. Pakua data ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000. Usipakue bara zima; bando lako halitapona. Vigae vimegawanywa kwa digrii moja moja na kila kimoja kinaitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi, kwa hiyo S06W080 kinafunika kutoka latitudo 6 hadi 5 kusini na longitudo 80 hadi 79 magharibi. Chukua hicho na majirani zake hadi W077, mistari miwili mitatu tu. Viunganishe viwe rasta moja, yaani picha ya vidoa ambapo kila kidoa kina namba ya mwinuko.

Sasa ipake rangi mbili tu, chini ya kimo fulani na juu yake. Nilianza na mita 2,000. Andes ikaonekana imeshikana kutoka kaskazini hadi kusini kwa shingo nyembamba, nami nikaanza kushuku makala yote. Nikapandisha hadi 2,200 na shingo ikakatika. Hapo ndipo nilipoelewa wanachozungumzia. Shingo ile ni kipito cha Porculla, mita zipatazo 2,145, mahali ambapo safu ya Andes inashuka kuliko popote pengine ndani ya Peru. Pande zote mbili za kipito nchi inaporomoka kwenye joto na ukame: magharibi kuelekea jangwa la pwani, mashariki kuelekea bonde la Marañón, ambako mji wa Jaén uko chini ya mita 800. Mnyama wa misitu ya baridi na ukungu hapiti hapo. Wewe usingepita.

Chora poligoni mbili, yaani maumbo yaliyofungwa, kwa kufuata uwazi huo. Anza pwani, panda Porculla, shuka na mto Huancabamba na Chamaya hadi Marañón, kisha fuata Marañón hadi inapoingia nyanda za Amazon. Kila kilicho juu ya njia hiyo ni poligoni ya kaskazini, kilicho chini ni ya kusini. Kisha tumia zana ya kuunganisha sifa kwa mahali, ili kila nukta ichukue jina la poligoni iliyomo.

Tahadhari zake ni hizi, na kila moja nimeilipia.

Jina jipya liandike kwenye safu mpya. Safu ya asili usiiguse hata kama ina kosa la wazi. Siku mtu akikuuliza umetoa wapi jina, unaweka safu mbili ubavu kwa ubavu na maneno yanaisha.

Zunguka ule mpaka kwa ukanda wa kilomita 30 kila upande. Kwa nini 30? Kwa sababu mshazari wa kile kisanduku cha iNaturalist karibu na ikweta ni kilomita 31 hivi, na nukta iliyofichwa ndani ya ukanda inaweza kuwa imevuka kutoka upande wa pili. Nukta kama hiyo, au kielelezo cha zamani kilichoandikwa "Cajamarca" bila neno la ziada, kiandike "Pudella, spishi haijabainika". Mkoa wa Cajamarca una pande zote mbili za bonde. Mpwa wangu hakupenda alama za kijivu kwenye ramani yake nzuri. Nilimwambia azibakize.

Kuwa mwangalifu na ncha ya kusini pia. Pudu wa Peru anatajwa kufika hadi Junín. Ukikuta "pudu" chini zaidi, kuelekea Cusco, Puno au Bolivia, shuku kwanza. Huko kuna ayala mwingine mdogo wa milimani, *Mazama chunyi*, aliyeelezwa na Hershkovitz huyohuyo mwaka 1959, na kwa mtu aliyeona mgongo tu ukiishia kichakani wanafanana sana. Kama kumbukumbu ina picha, ifungue. Kama haina, kijivu.

Na usijaribu kutenganisha kwa rangi ya manyoya kutoka kwenye picha ya kamera ya mtego iliyopigwa usiku. Tulipoteza saa nzima tukibishana kuhusu sikio moja.

Hatua ya 6: Pima kwa mwinuko

Kwa kila nukta chukua thamani ya mwinuko kutoka kwenye rasta. Wa kaskazini wawili wakae takriban kati ya mita 2,000 na 4,000. *Pudu puda* anaanzia usawa wa bahari, kwenye misitu minyevu yenye vichaka vya mianzi, na hupanda hadi kama 1,700. Pudu wa Chile aliye mita 3,000 mrudie, mara nyingi viwianishi vyake vimeandikwa kwa desimali moja tu.

Hatua ya 7: Chora

Rangi tatu na kijivu. Basi.

Tumia fremu mbili, moja ya kaskazini na moja ya kusini. Kati ya Junín na kaskazini ya eneo la *Pudu puda*, karibu na latitudo ya 36 kusini, kuna takriban digrii 25 bila pudu hata mmoja, zaidi ya kilomita 2,500. Ukiweka vyote kwenye fremu moja, nukta zitakuwa punje za ulezi na katikati kutakuwa na tupu ambayo msomaji atadhani ni kosa lako. Tupu hiyo ni ya kweli, itaje kwenye maelezo.

Ukitakiwa kukokotoa eneo, badilisha projeksheni (namna ya kuilaza dunia kwenye karatasi bapa) kwanza iwe ESRI:102033, ambayo hutunza maeneo ya Amerika Kusini. Ukikokotoa kwa digrii utapata namba isiyo na maana. Poligoni ya kuzungushia nukta zote ichore kwa kila spishi peke yake, na ujue kwamba kwa *Pudu puda* itameza vipande vya bahari, kwa sababu pwani ya kusini ya Chile imekatikakatika. Ramani ya joto achana nayo. Kwa nukta chache namna hii inaonesha tu mahali watalii wanapopita na simu zao. Modeli za kutabiri makazi nazo ziache mwaka wa pili. Kuna mtu darasani kwao aliendesha moja kwa nukta tisa.

Chini ya ramani weka maelezo ya mistari mitatu: majina yamefuata uainishaji upi, *carlae* na *mephistophiles* wametenganishwa kwa njia gani, na DOI ya data.

Mpwa wangu alituma kazi saa sita kasoro usiku, siku ya mwisho. Wiki iliyofuata alipoitwa mbele kuiwasilisha, swali la kwanza la mwalimu lilikuwa: "Hii Pudella umeitoa wapi? Kitabu changu kina Pudu tu." Akafungua daftari kwenye ukurasa wa jedwali la hatua ya 2, akaanza na Molina.